Karibu vuli, umechelewa sana

Jamani vuli imeingia huku kaskazini mwa dunia, mi hapa nimekaa na blanketi miguuni nacheka peke yangu kama chizi. Wanaolia eti kiangazi kimeisha wacha walie, mi kilitaka kunitoa roho.

Tatizo la kiangazi ni kwamba jua halijui kwenda kwao. Saa tatu usiku bado linakukodolea macho, na watu wakiona mwanga wanajua siku ndo kwanza imeanza, njoo bwana tukae nje kidogo, kidogo gani hiyo mpaka saa sita na kesho kazi ipo palepale. Watoto wamefunga shule, sijafungua hata jicho la pili washauliza leo tunaenda wapi, wageni wa siku mbili wanamaliza wiki na bado wanauliza feni nyingine iko wapi. Nyasi ukikata Jumamosi, Jumanne zinakuchungulia dirishani. Likizo yenyewe nilirudi nimechoka kuliko nilivyoondoka ikabidi nikapumzikie kazini (msimwambie bosi).

Sasa ikifika tarehe 22 au 23 Septemba mchana na usiku vinakaribia kulingana, kuanzia hapo usiku unauzidi mchana kidogo kidogo na mimi ndo naanza kuishi. Mtu akipiga simu tutoke namwambia ah, giza lote hili? Na ni saa moja tu! Hana la kujibu.

Halafu mti wa hapo nje umegeuka njano wote. Kumbe ile njano ilikuwemo kwenye majani siku zote, kijani ndo kilikuwa kinaifunika, kijani kikiisha inajitokeza. Kama mimi tu, uchovu ulikuwepo tangu Juni ila nilikuwa natabasamu kwenye picha. Ila mti una akili, unaziba pale jani linaposhikilia tawi, jani linadondoka, biashara imefungwa hadi mwakani. Nani wa kuyazoa? Mimi. Nimefagia, nageuka nyuma, umemwaga mengine. Sawa tu, angalau sitoki jasho.

Juzi baridi ikanifanya nitoe jaketi la mwaka jana. Naingiza mkono mfukoni, tishu imekauka kama kibao, ufunguo wa mlango nisioujua, na kikaratasi cha mwandiko wangu: "Kiangazi kijacho: kupanga stoo, kupaka rangi uzio, KUPUMZIKA." Nimepigia mstari na mstari.

Nikakirudisha taratibu nikafunga zipu. Mama watoto akauliza umekuta nini humo, nikamwambia tishu.