Laptopu Haijafa, Haijafunguliwa Tu

Jumamosi iliyopita natoka soko la Mgandini hapa Tanga, nikamkuta kijana wa chuma chakavu amechuchumaa kando ya mkokoteni wake, nyundo mkononi, anajiandaa kuivunja laptopu. Kioo kilikuwa kimepasuka pembeni, lakini mwili mzima.

"Kaka, hii imeshakufa. Mimi nataka shaba yake tu."

Nikampa elfu tano, akaniachia na chaja yake. Sina ugomvi na kijana yule, anatafuta riziki. Aliyenikasirisha ni fundi ambaye, kwa maelezo ya kijana, alimwambia mwenye mali kwamba bodi imekufa. Nilipofika nyumbani Makorora nikaigeuza: vumbi limegandamana juu ya skrubu zote, hakuna hata moja iliyowahi kuguswa na bisibisi. Mtu ametoa hukumu ya kifo bila kumpima mgonjwa!

Nikafungua. Nikachomoa RAM, kile kibao cha kumbukumbu ya muda, nikaiweka kwenye mwanga wa dirishani. Ile mistari ya rangi ya dhahabu imefifia, ina utando. Anayeishi Tanga anaujua upepo wa bahari unavyokula kitasa, bawaba na mabati. Kwa nini tunadhani hauli vyuma vya ndani? Nikaisugua taratibu kwa kifutio cha mwanafunzi, nikapitisha pamba yenye spiriti, nikairudisha mpaka ikalia "ta". Ikawaka. Prosesa ya Core 2 Duo, RAM ya GB 2, hard disk ya GB 160, na sehemu ya kuwekea DVD inafunguka vizuri kabisa.

Hiyo ndiyo mnayoiuza kwa kilo.

Kodi, programu ya kuonyesha video na kupiga muziki niliyoiweka humo, ilianza miaka ya mwanzo ya 2000, ikaja kuitwa XBMC, na watu waliianzisha kwenye Xbox ya kwanza, mashine ya michezo yenye RAM ya MB 64 tu. Jina la Kodi lilikuja mwaka 2014. Yaani watu walichukua kifaa kilichouzwa kwa kazi nyingine, wakakifanya kionyeshe filamu na kupiga muziki sebuleni. Sisi tunashika mashine yenye RAM mara 32 ya ile, tunaiita takataka.

Kazi yenyewe haikuchukua hata siku. LibreELEC, mfumo mdogo unaokuja na Kodi ndani yake, nikaiweka kwenye flashi ya GB 8, laptopu inawakia hapo, hard disk yote ikabaki ya video na nyimbo. Kioo kilichopasuka nikakiondoa. Nyuma ya TV ya mama kuna tundu la VGA, lile la zamani la kupitisha picha, ambalo halijawahi kutumika tangu TV inunuliwe, nikachomeka hapo. VGA haipitishi sauti, kwa hiyo sauti nikaitoa kwenye tundu la hedifoni, waya mwekundu na mweupe mpaka kwenye sabufa. Kibodi ya zamani ndiyo rimoti: nimepaka rangi ya kucha nyekundu kwenye mishale minne, Enter na kile kitufe kirefu cha kusimamisha. Mama alijifunza kabla chai haijapoa.

Kuna watakaosema kiboksi cha dukani cha kuchomeka kwenye TV ni rahisi zaidi. Sawa, kinakula umeme mdogo na kina rimoti yake. Laptopu yangu nikiikadiria wati 25 kwa saa nne kila siku, ni uniti tatu kwa mwezi, na faili za video zilizobanwa kwa mtindo mpya wa H.265 zinakwama kwama, nalazimika kutafuta za mtindo wa zamani wa H.264. Nakubali. Na betri ikiwa imevimba, iondoe, usiitoboe wala kuipiga nyundo, maana inashika moto.

Lakini hicho kiboksi kingenisaidia nini na mfuko wa rambo uliokuwa juu ya kabati la mama? Ndani yake diski 22. Harusi ya dada yangu, mwaka 2007. Maulidi ya mtaani. Hitima ya babu. Na CD ambazo marehemu baba alihamishia kanda zake za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, bendi za hapahapa Tanga. Deki ilipoharibika, yote yale yakanyamaza. Miaka! Watu wananiambia kila kitu siku hizi kiko mtandaoni. Harusi ya dada yangu nitaikuta mtandao gani? Nani mwingine duniani anayo? Diski zinachunika kwa unyevu huu, na kila mashine yenye uwezo wa kuzisoma tunampa mwenye nyundo.

Nimenakili 19. Tatu zina mikwaruzo, naendelea kuzihangaikia.

Jana usiku tuliiwasha harusi. Jikoni, nyuma ya wapishi, bibi akapita amebeba sinia la visheti, kanga kaifunga kifuani, akaigeukia kamera kidogo na kucheka. Bibi alifariki mwaka uliofuata. Mama akanyoosha kidole, akabonyeza kile kitufe kirefu chekundu, picha ikasimama.

"Mwache hapo kwanza, mwanangu," akasema.

Tukamwacha hapo mpaka adhana ya Isha.