Nauli nafuu ilifika Entebbe ikakuta ada mlangoni

Kwa basi, Kampala hadi Nairobi ni usiku mzima. Unapanda jioni, Jinja inapita ukiwa bado macho, Busia au Malaba unaamshwa ukapange foleni ya uhamiaji na baridi ya usiku wa manane, halafu unalala tena shingo imepinda hadi Nakuru. Kwa ndege ni saa moja na dakika kidogo. Hilo la muda halina ubishi. Kinachotuuma ni bei. Pesa ya tiketi moja ya ndege ya kwenda na kurudi inaweza kuipandisha basi familia nzima, na ya soda ikabaki.

Kila nikiligusa jambo hili mbele ya watu, jibu huwa lile lile: ndege ni ya matajiri, na huku kwetu shirika la bei nafuu haliwezi kusimama. Mimi sikubali. Liliwahi kusimama, jina lake fastjet, tena hapa hapa Afrika Mashariki, na hadi Entebbe likafika. Lilivyokufa ni hadithi ndefu, na sehemu kubwa ya lawama naipeleka kwa serikali zetu, ya kwetu Uganda ikiwamo.

Tuanzie mbali kidogo. Mnamo 1971 shirika la Southwest lilianza kuruka Texas, Marekani, kati ya miji mitatu tu: Dallas, Houston na San Antonio. Waanzilishi wake, Rollin King na mwanasheria Herb Kelleher, walikuwa wamegundua mlango wa nyuma. Enzi hizo serikali kuu ya Marekani ndiyo iliyopanga nauli na njia za ndege, lakini ndege isiyovuka mpaka wa jimbo haikuwa chini ya amri hiyo. Wakabaki ndani ya Texas na wakauza kwa bei waliyotaka. Washindani waliwakokota mahakamani miaka kadhaa kabla hata ndege ya kwanza haijaruka.

Mwaka uliofuata pesa zikakauka, ikabidi wauze ndege moja kati ya nne walizokuwa nazo. Mwenye akili ya kawaida angepunguza safari. Wao wakaamua kuziendesha safari zote kwa ndege tatu. Hilo lingewezekana tu kama ndege haikai chini zaidi ya dakika kumi: abiria washuke, takataka ziokotwe, mizigo ipakiwe, abiria wapya waingie, mlango ufungwe. Wakaweza. Siri ya biashara yote ya nauli nafuu iko hapo. Ndege iliyopaki inakula pesa. Iliyo angani inaleta. Mengine yalifuata: aina moja ya ndege ili fundi na rubani wajifunze kitu kimoja, chakula cha bure kikaondolewa, na popote penye uwanja wa pembeni wenye ada ndogo, wakapendelea kutua huko.

Ryanair ya Ireland ilikwenda Texas kujifunza, ikarudi na somo hilo na kulifanya kali zaidi. Stelios Haji-Ioannou naye, kijana wa familia ya wenye meli, akaanzisha easyJet mwaka 1995 kwa ndege mbili za kukodi kutoka Luton, Uingereza, kwenda Scotland, nauli pauni 29, namba ya simu ya kukatia tiketi imepakwa ubavuni mwa ndege kwa rangi ya chungwa. Lakini wanaowasifu hawa mabwana husahau kwamba wakati huo huo Ulaya ilikuwa inavunja kuta zake. Kufikia 1997 shirika la nchi yoyote ya Umoja wa Ulaya liliruhusiwa kuruka kati ya miji yoyote ndani ya umoja huo, bila kumpigia magoti waziri wa mtu. Ndege ya Ireland inaweza kubeba Mwitaliano kutoka Roma hadi Barcelona na hakuna anayeuliza. Werevu wa wafanyabiashara ulikuwepo, ila ulikuta njia imefyekwa.

Huyo huyo Stelios ndiye aliyekuwa nyuma ya fastjet. Novemba 2012 ndege ya kwanza iliruka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro na Mwanza. Walikuja na Airbus A319 za viti 156, na mkiani picha ya kasuku wa kijivu, ndege ambaye sisi wa Entebbe tunamsikia akipiga kelele juu ya miti karibu na ziwa. Nauli ya kuanzia ilikuwa shilingi 32,000 za Tanzania kabla ya kodi, kama dola 20 za wakati ule. Dar hadi Mwanza! Njia ambayo kwa basi inakumaliza siku nzima na zaidi, unafika miguu imevimba.

Watu wakaitikia. Kampuni yenyewe ilisema zaidi ya theluthi moja ya abiria wake walikuwa hawajawahi kupanda ndege maishani. Tiketi uliweza kuilipia kwa M-Pesa, bila kadi ya benki, bila wakala mwenye ofisi ya kiyoyozi. Mashirika mengine yakajikuta yanashusha nauli, yatake yasitake. Kwa wenzetu wa Mwanza, mama muuza dagaa akawa anakwenda Dar kumwona mjukuu na kurudi ndani ya siku mbili. Anayesema Mwafrika wa kawaida hana haja ya ndege aanze kwa kunieleza viti vile vilijazwa na nani.

Mwaka 2014 kasuku akatua Entebbe. Hapo ndipo hesabu ilipoanza kugoma.

Ukitaka kuelewa, chukua tiketi ya Nairobi kwenda Mombasa. Jambojet, mtoto wa Kenya Airways, ilianza Aprili 2014 na nauli ya shilingi 2,850 za Kenya. Ada ya uwanja kwa msafiri wa ndani nchini Kenya ni kama shilingi 600. Nauli ni kubwa kuliko ada, kama inavyopaswa kuwa. Sasa geuza pua ya ndege ile ile ielekee Entebbe, safari ya karibu saa ile ile. Umevuka mpaka, basi wewe ni abiria wa kimataifa, sawa na anayekwenda London. Kenya inakutoza dola 50 ukiondoka. Uganda nayo, ukiondoka Entebbe, inakutoza zaidi ya dola 50. Kwenda na kurudi umeshapita dola 100, na shirika la ndege halijapata hata senti ya mafuta. Muuzaji wa nauli nafuu atangaze nini hapo? Akiuza kiti kwa dola 20 kwenda na 20 kurudi, abiria atalipa 140 na ushee na kumwita mwongo.

Basi la usiku halina mzigo huu. Ndiyo maana linajaa.

Na mafuta nayo. Uganda haina bahari. Mafuta ya ndege yanapanda kutoka pwani hadi Entebbe kwa njia ndefu, kila hatua ina mkono unaopokea. Hilo ni la Mungu na ramani, silalamiki sana. Ada ya uwanja, hata hivyo, iliwekwa na mtu aliyekaa mezani na kalamu.

Halafu kuna vibali. Fastjet ilitaka kuunganisha miji ya ukanda huu kama vile Southwest ilivyounganisha Dallas na Houston. Ikakuta kila nchi ina mkataba wake na jirani, kila mkataba unataja mashirika ya kuruka na safari za wiki, na kila ofisi ina faili linalosubiri sahihi. Kufika Nairobi kutoka Dar kuliwachukua hadi Januari 2016. Miaka mitatu na zaidi, kwa miji miwili iliyo ndani ya Jumuiya moja ya Afrika Mashariki! Ndege haisubiri faili. Mwenye ndege anadai kodi yake kila mwezi, kwa dola, iruke isiruke.

Sitawatetea kwa kila kitu. Walikuwa na makao makuu Gatwick, Uingereza, mishahara ya pauni wakati tiketi zinauzwa kwa shilingi. Shilingi ya Tanzania ilikuwa kama 1,600 kwa dola walipoanza. Kufikia 2016 ilikuwa imepita 2,100. Airbus ya viti 156 ni kubwa mno kwa njia nyingi za huku, ikiruka nusu tupu ni msiba. Wenye hisa wakagombana hadharani, Stelios mwenyewe akiwa mbele kutaka mkurugenzi aondolewe. Mkurugenzi mpya, Nico Bezuidenhout, alihamishia ofisi Johannesburg, akazirudisha Airbus kwa wenyewe na kuleta ndege ndogo za Embraer, akakata njia zisizolipa. Entebbe ilikuwa miongoni mwa zilizokatwa. Mwaka huo huo wa 2016 serikali ya Tanzania ikaifufua Air Tanzania kwa ndege mpya, na kushindana na shirika ambalo hasara yake inalipwa na hazina ni kazi ya kuchosha. Mwishoni mwa 2018, tawi la Tanzania likiwa limenunuliwa na Lawrence Masha, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya ndani, safari zilisimama huku mamlaka ya anga ikidai madeni yake. Jina la fastjet lilibaki Zimbabwe.

Jambojet nayo ilijaribu Entebbe, Februari 2018. Haikudumu.

Sisi Waganda tulifanya nini kipindi chote hicho? Air Uganda, iliyoanzishwa 2007 kwa mtaji wa mfuko wa Aga Khan, ilisimama Juni 2014 baada ya mamlaka yetu ya anga kuondoa vyeti kufuatia ukaguzi wa shirika la kimataifa la anga. Kisha Agosti 2019 tukaifufua Uganda Airlines, iliyokuwa imekufa tangu 2001. Ndege nne za viti 76 kwa safari za karibu, na Airbus A330 mbili za viti 258 kwa safari za mbali. Nzuri sana, nimezipanda, usafi hauna mfano. Lakini mwaka wa fedha 2022/23 hasara ilipita shilingi bilioni 320, na uliofuata ikapita bilioni 230. Ni kodi ya muuza mihogo wa soko la Owino, Kampala, anayesafiri kwa basi. Sipingi kuwa na shirika la taifa. Ninachouliza ni hiki: kama tuko tayari kulipia hasara ya mabilioni ili bendera ionekane angani, kwa nini tunashindwa kusamehe sehemu ya dola hamsini ili raia mwenyewe apande?

Nauli nafuu tuliyo nayo Entebbe leo inatoka Ghuba. Air Arabia, iliyoanza Sharjah mwaka 2003, na flydubai, ndizo zinazobeba wafanyabiashara wa Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla Kampala, na vijana wanaokwenda kyeyo, yaani vibarua vya ughaibuni. Nenda siku yoyote uwatazame kwenye kaunta. Mabegi yamefungwa nailoni hadi yameng'aa. Kijana wa kaunta anatazama mizani, anatikisa kichwa, na mama anapiga magoti sakafuni anafungua begi lililokuwa limeshafungwa: unga wa muhogo unahamia begi la mkononi, siagi ya karanga inahamia kwa jirani wa foleni ambaye hamjui, koti la pili linavaliwa juu ya la kwanza na joto lote lile la Entebbe. Hakuna anayenuna, isipokuwa wa nyuma anayeogopa kuchelewa. Wote wanajua sheria: kiti ni rahisi, kilo ni ghali. Yaani Mganda anaielewa biashara hii vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba tiketi ya kwenda mbali kama Dubai inaweza kuimeza ada ya dola hamsini na bado ikauzika. Ya Nairobi, Kigali au Juba haiwezi.

Na dawa tunayo, tumeshaijaribu kwenye simu. Kabla ya mwisho wa 2014, kumpigia ndugu aliye Nairobi ukiwa Kampala ilikuwa anasa. Serikali za Uganda, Kenya, Rwanda na Sudan Kusini zikakubaliana kuondoa tozo za ziada kwa simu zinazovuka mipaka yao, bei zikaanguka, na watu wakapiga simu kuliko wakati wowote. Mwaka huo huo tukaanza kuvuka kwenda Kenya na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa tu. Kwenye ndege, mazungumzo ya anga moja ya Afrika Mashariki yamekuwa yakizunguka vikaoni mwaka nenda mwaka rudi, na ada ya abiria iko pale pale.

Ninachotaka si kikubwa. Abiria anayeondoka Entebbe kwenda mji wowote wa Jumuiya atozwe ada ya msafiri wa ndani, na Kenya, Rwanda, Tanzania na wengine wafanye hivyo kwa anayerudi. Shirika lolote la nchi mwanachama liruke kati ya miji yoyote miwili ya Jumuiya bila kusubiri faili. Najua maofisa watauliza mapato yatafidiwa na nini. Wahesabu kwanza mabasi yanayotoka Kampala kila jioni yakiwa yamejaa. Ada ya msafiri aliyepanda basi kwa sababu ndege ilimshinda ni sifuri, na sifuri hiyo wanaikusanya kila siku ya Mungu.