Wazungu hawajakosa adabu, wamekosa watani

Kila Agosti, kwa wiki tatu hivi, mji wa Edinburgh, Scotland, hufurika maonyesho ya jukwaani. Mengi ni ya mtu mmoja anayesimama mbele ya viti 60 na kuchekesha watu kwa habari za sonona (ugonjwa wa huzuni isiyoisha), za mama aliyejaribu kujiua, za ndugu aliyezikwa juzi. Mtu wa kwetu akisikia hayo kwa mara ya kwanza husema Wazungu hawana adabu. Mimi nasema adabu wanayo, wasichonacho ni watani.

Hapa Uingereza marehemu huweza kukaa wiki mbili, hata tatu, kabla ya mazishi. Ukumbi wa kuchomea maiti hukodishwa kwa dakika 30 au 45, na familia inayofuata iko nje inasubiri zamu yake. Hakuna turubai, hakuna jamvi, hakuna majirani wanaolala sebuleni kwako siku tatu. Watu wakishakunywa chai kila mmoja anarudi kwake. Huzuni iliyobaki haina pa kutulia, kwa hiyo mwishowe inakatiwa tiketi.

Kwetu Tanzania kazi hiyo ina mwenyewe: mtani, mtu wa kabila lenye ruhusa ya kulitania kabila lako hata msibani. Msukuma akifiwa, Mzaramo anaingia uwanjani kavaa shati la marehemu, anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, anadai kwamba marehemu kafa na deni lake. Mngoni anamfanyia Mhehe hivyo hivyo. Kaburi likishachimbwa mtani anaweza kushuka akalala humo, akagoma kutoka mpaka alipwe. Mjane anacheka, na kicheko kikikatika ndipo kilio chenyewe kinapotoka. Hilo ni igizo la mtu mmoja, la kuchekesha na kuuma kwa pamoja, na halihitaji tangazo wala taa.

Lakini mtani naye ana mpaka wake. Kifo kikiwa cha kujitoa uhai, au marehemu akiwa ameugua akili miaka mingi, mtani anainamisha kichwa kama wengine. Waombolezaji wanaambiwa “presha” au “aliugua ghafla”, basi. Sheria nayo inachangia: Tanzania, kujaribu kujiua bado ni kosa la jinai. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na Katiba. England na Wales zilifuta kosa hilo mwaka 1961. Na utani tulio nao kuhusu akili ni ule wa “huyu apelekwe Milembe”, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, unaomcheka mgonjwa akiwa hayupo. Hapo ndipo ninapoona tuna cha kujifunza Edinburgh.

Mfano mzuri ni Every Brilliant Thing, mchezo wa mwigizaji mmoja wa Duncan Macmillan na Jonny Donahoe, uliochezwa huko mwaka 2014. Mama amejaribu kujiua. Mwanawe wa miaka 7 anaanza kuandika orodha ya mambo yanayofanya maisha yawe na maana. Namba 1 ni aiskrimu, namba 4 ni rangi ya njano. Miaka inapita, orodha inaelekea milioni, na sonona inamfikia mtoto naye akiwa mtu mzima.

Ufundi wake ni rahisi kwa sura tu. Watazamaji wanakaa pande zote, taa za ukumbi haziwahi kuzimwa. Kabla ya kuanza, mwigizaji anapita kati ya viti akigawa karatasi zenye namba na jambo moja moja. Baadaye akitaja namba, mwenye karatasi anasoma kwa sauti. Watu wanadhani anagawa karatasi, kumbe anachagua: nani atakuwa baba, nani daktari wa mifugo, nani mwalimu. Anayemtazama usoni na kujibu salamu kwa utulivu anafaa. Aliyekunja mikono anarukwa. Mwenye macho mekundu tangu mlangoni hapewi kitu kabisa.

Yanayoharibika ni madogo madogo. Maandishi yakiwa membamba, mzee aliyesahau miwani anakwama na onyesho zima linasimama, kwa hiyo herufi ziwe nene na neno liwe fupi. Aliyepewa karatasi akitoka kwenda msalani, namba yake inaitwa na hakuna anayeitika. Mwigizaji lazima awe na orodha yote kichwani, aitamke mwenyewe papo hapo bila kuonyesha pengo. Aliyepewa nafasi ya baba akizidiwa na machozi, mwigizaji anayachukua maneno yake na kuendelea, asimuulize kama yuko sawa mbele ya watu. Na mzaha umpate msimuliaji, kamwe usiipate dalili ya mgonjwa. Mzaha ukija haraka mno baada ya neno zito, watu wanacheka kwa woga, na neno zito linalofuata haliwaingii tena. Namna ya kujiua isitajwe jukwaani hata kwa kifumbo, maana kuna wanaosikiliza kwa sikio jingine.

Ukitaka kulileta onyesho hilo Dar, usilibebe lilivyo. Kuna sehemu ambapo mbwa wa mtoto anachomwa sindano ya kufa: koti la mtazamaji linakuwa mbwa, kalamu ya mwingine inakuwa sindano. Januari Temeke nani ana koti? Chukua kanga iliyokunjwa, na kwa watu wa pwani mbwa awe paka. Kwingine mshauri wa shule anavua soksi aifanye mdoli wa kuzungumza na mtoto. Kwetu nusu ya ukumbi wamevaa makubazi. Tumia kofia, ila ya kijana, maana kumvua mzee kofia mbele za watu ni ugomvi.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba watazamaji wa Edinburgh hawajuani. Mbagala wote wanajuana. Ukimpa nafasi ya mfiwa mtu ambaye nyumba yake ilipata msiba wa aina hiyo, mtaa mzima unajua isipokuwa wewe. Siku mbili kabla, kaa na mjumbe wa shina umuulize nani asiguswe. Baba na mwana wasiingizwe wote kwenye mchezo, mkwe usimsogelee kabisa.

Kwenye milango ya kumbi za hapa hubandikwa onyo pamoja na namba ya Samaritans, shirika linalosikiliza walioelemewa na mawazo, 116 123, ambayo ni bure kupiga. Kwetu karatasi ya ukutani haitoshi. Omba muuguzi wa afya ya akili kutoka hospitali ya wilaya akae karibu na mlango tangu mwanzo hadi watu waishe, kwa sababu mwenye jambo lake hasemi ukumbini, husubiri wengine waondoke.

Mahali si tatizo. Mchezo usiozimiwa taa unakaa vizuri chini ya turubai, viti vya plastiki vya safu tatu kwa duara. Ya nne hawasikii vizuri. Kutunza katikati kama kwenye taarabu kusiruhusiwe, noti moja usoni inaua dakika kumi za kazi. Weka ndoo ya pesa mlangoni, kama wafanyavyo kwenye maonyesho ya bure ya Edinburgh.

Na mwigizaji wa kwanza asitafutwe kwa wachekeshaji wa televisheni. Wengi wamezoea kumwigiza mgonjwa kwa nguo chakavu na macho ya kuzunguka, na tabia hiyo haitoki kwa mazoezi ya wiki mbili. Atafutwe mtani anayejulikana misibani, aliyewahi kumchekesha mfiwa na akajua wapi pa kunyamaza. Malipo yake atajua mwenyewe namna ya kuyadai.