Dakika Moja Iliyosubiriwa Miaka 49

Jumatatu ya tarehe 4 Septemba 1972, Kipchoge Keino alitwaa dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji mjini Munich. Siku mbili kabla yake John Akii-Bua wa Uganda alikuwa ameshinda mita 400 kuruka viunzi kwa rekodi ya dunia ya sekunde 47.82. Afrika Mashariki ilikuwa bado inashangilia pale watu wanane wa kundi la Kipalestina la Septemba Nyeusi waliporuka uzio wa kijiji cha wanamichezo alfajiri ya Jumanne, wakavamia makazi ya timu ya Israel. Waliwaua kocha wa mieleka Moshe Weinberg na mnyanyua uzito Yossef Romano. Mateka tisa waliobaki waliuawa usiku ule kwenye uwanja wa ndege wa Fürstenfeldbruck, polisi wa Ujerumani Magharibi walipojaribu kuwaokoa kwa mpango usiokuwa na maandalizi.

Tangu hapo familia za wale 11 ziliomba jambo moja: wasimame watu wote kimya, dakika moja, katika sherehe ya ufunguzi wa Olimpiki. Wakanyimwa, Michezo baada ya Michezo, hadi Tokyo tarehe 23 Julai 2021. Katikati ya safari hiyo wanasiasa wengi walijitokeza kuwaunga mkono, na hapo ndipo mabishano yalipo mpaka leo. Je, sauti za marais na mabunge zilisaidia maombi yale, au ziliyageuza kuwa yale yale ambayo Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, IOC, ilikuwa ikiyaogopa?

Hoja ya IOC haikuwa ya kipuuzi. Olimpiki ni mahali pachache ambapo mataifa yenye uadui huandamana uwanja mmoja nyuma ya bendera zao. Ukifungua mlango wa maombolezo ya kitaifa, utamfungia nani? Mpalestina atauliza kuhusu wafu wake, wakiwemo waliouawa na ndege za Israel huko Lebanon na Syria siku chache tu baada ya Munich. Ankie Spitzer, mjane wa kocha wa mchezo wa vitara Andre Spitzer, amesimulia kwamba waliambiwa waziwazi: mkitajwa, wajumbe wa nchi za Kiarabu wataondoka. Ni hofu ya mwenye nyumba anayetaka karamu yake isivunjike. Naielewa.

Lakini naielewa bila kuikubali. Waliouawa hawakukutwa vitani wala njiani. Walivamiwa ndani ya kijiji cha Olimpiki, wakiwa wageni wa Olimpiki, wamelala katika vitanda walivyopewa na wenyeji. Mgeni akiuawa nyumbani kwako, msiba ni wako kabla haujawa wa nchi yake. Na IOC yenyewe ilijua kuomboleza ilipotaka. Vancouver mwaka 2010 ilimkumbuka Nodar Kumaritashvili wa Georgia, aliyefariki katika mazoezi siku ile ile ya ufunguzi. London mwaka 2012, sherehe ya ufunguzi ilikuwa na kipande cha kuwakumbuka waliouawa katika mabomu ya jiji hilo ya Julai 2005. Dakika ilipatikana kwa wengine. Ilikosekana kwa hawa.

Tena, wa kwanza kuitia siasa matanga yale alikuwa rais wa IOC mwenyewe. Tarehe 6 Septemba 1972, mbele ya uwanja uliojaa waombolezaji, Avery Brundage alisema Michezo imepata mashambulizi mawili ya kikatili, kisha la kwanza alilolitaja likawa suala la Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Wasomaji wenye umri watakumbuka: nchi za Afrika zilitishia kujitoa iwapo utawala wa walowezi wa Ian Smith ungeshiriki, na Rhodesia ikaondolewa siku chache kabla ya ufunguzi. Brundage aliuweka msimamo huo wa Afrika kwenye mizani moja na mauaji ya watu 11, na kuwavunjia heshima wafu na Waafrika kwa sentensi moja. Akamaliza kwa kutangaza kwamba Michezo lazima iendelee.

Sisi wa ukanda huu hatuna sababu ya kudanganyana kwamba michezo haina siasa. Mwaka 1976 Tanzania, Kenya na Uganda hazikushindana Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya makaburu. Filbert Bayi, mwenye rekodi ya dunia ya mita 1,500 wakati huo, alibaki bila mbio alizozingojea. Aliyeamini mgomo ule ulikuwa wa haki hawezi leo kusema kimya cha dakika moja ni siasa kupita kiasi.

Basi tuje kwa wanasiasa. Mwaka 2012, miaka 40 baada ya mauaji, kampeni ilipamba moto. Baraza la Seneti la Marekani lilipitisha azimio. Bunge la Canada nalo likaunga mkono. Waziri wa Mambo ya Nje wa Ujerumani, Guido Westerwelle, akaandika. Rais Barack Obama akatamka anaafiki, na mpinzani wake Mitt Romney akafuata. Rais wa IOC Jacques Rogge hakutetereka: alisema mazingira ya ufunguzi hayafai kukumbuka tukio la huzuni kama lile. Alichotoa ni kimya cha dakika moja ndani ya kijiji cha wanamichezo, siku chache kabla ya sherehe.

Wakosoaji wa wakati ule walisema Obama na Romney walikuwa wakitafuta kura, maana uchaguzi ulikuwa Novemba. Sina shaka kura zilikuwemo kichwani mwao. Ila nia ya anayeunga mkono haibadilishi haki ya anayeungwa mkono, na bila makelele yale nadhani wajane wale wangeendelea kujibiwa kwa barua za heshima. Kosa ninaloliona mimi ni jingine: ilikuwa rahisi mno. Kumtaka mtu mwingine asimame kimya hakumgharimu rais yeyote kitu.

Ipime Ujerumani kwa kipimo hicho. Mwaka 2012 waziri wake aliiomba IOC itoe dakika moja, wakati serikali yake yenyewe ilikuwa haijamaliza deni lake. Ndiyo iliyoshindwa kuwalinda wageni, na ndiyo iliyowaachia huru washambuliaji watatu waliokamatwa, mwezi uliofuata, baada ya ndege ya Lufthansa kutekwa. Familia zilihangaika miongo mitano zikidai nyaraka na fidia. Hadi Agosti 2022, zilipotangaza kususia kumbukumbu ya miaka 50, ndipo yakafikiwa makubaliano ya euro milioni 28 na tume ya wanahistoria. Tarehe 5 Septemba 2022 Rais Frank-Walter Steinmeier aliomba msamaha mbele yao. Huko ndiko kuunga mkono ninakokuheshimu: serikali kufungua kabati lake na mfuko wake, na kukiri kosa lake kwa kinywa chake.

Afrika nayo ina kidonda cha namna hii. Januari 2010 basi la timu ya Togo lilimiminiwa risasi Cabinda, Angola, likielekea Kombe la Mataifa ya Afrika. Kocha msaidizi na msemaji wa timu walifariki. Angola ilifanya kimya cha dakika moja bila ubishi. Lakini serikali ya Togo ilipoirudisha timu nyumbani ikaomboleze, Shirikisho la Soka la Afrika, CAF, liliita hilo uingiliaji wa kisiasa na kuifungia Togo mashindano mawili yaliyofuata, adhabu iliyofutwa baada ya FIFA kuingilia. Dakika ilitolewa, heshima ikanyang'anywa.

Tokyo ilipofika, dakika ilitangazwa, uwanja ukanyamaza, sherehe ikaendelea. Waliotajwa kwa Munich walikuwa wajumbe wa timu ya Israel. Anton Fliegerbauer, polisi wa miaka 32 aliyepigwa risasi Fürstenfeldbruck usiku ule ule, hakutajwa. Jina lake lipo Munich, kwenye jengo la kumbukumbu lililofunguliwa mwaka 2017, karibu na wale 11.