Gari Lina Bawa, Halina Buti

Mpwa wangu aliyeko Tanga hunipigia simu kila Ijumaa baada ya swala. Haulizi nimekula nini wala kama mgongo umepoa. "Shikamoo mjomba. Wiki hii umeendesha gani?" Kazi yangu hapa Dubai ni kusimama mlangoni mwa hoteli, kupokea funguo za wageni na kwenda kuyapaki magari yao chini ya jengo. Kwa hiyo kule kijiweni Ngamiani, barabara ya 12, mimi natajwa kama dereva wa Ferrari. Hawajui kwamba naendesha mita 150 tu, nusu yake kwa rivasi, pumzi nimezibana. Wala hawajui kwamba nalala Deira chumba kimoja na wanaume watano, na mmoja wao anakoroma kama lori linalopanda Lushoto kwa gia namba moja.

Basi leo naomba niseme. Haya magari ya mashindano yaliyofungwa namba za usajili yakaambiwa "haya, nendeni sokoni", ni mateso matupu.

Tuanze na kuingia. Gari la kawaida unaanza na makalio. Hili la mbio unaanza na mguu, kisha goti, kisha dua. Siti yake ni beseni gumu lililochongwa kwa kiuno cha kijana wa miaka 22, na mimi nina 47 na kitambi cha wali wa nazi. Kutoka ndiyo usiseme. Mwezi uliopita nilijivuta kutoka kwenye mojawapo, suruali ya sare ikapasuka kuanzia mkanda wa mbele hadi mkanda wa nyuma, pale pale mbele ya bi harusi na wapambe wake. Suruali wamenikata kwenye mshahara. Aibu nimeachiwa bure.

Ferrari F40 nimewahi kuishika mara moja, saa nane za usiku. Waliitoa mwaka 1987, kampuni ikitimiza miaka 40. Ukiingia ndani unaweza kudhani wezi wametangulia. Hamna zulia, hamna redio, na mlango kwa ndani hauna kitasa. Kuna uzi. Unauvuta kama mtu anayeteka maji kisimani, mlango unafunguka. Kiyoyozi wamekiweka, nawashukuru, maana injini ya turbo mbili iko kisogoni inakupulizia joto, na Dubai ya mwezi wa saba haihitaji msaada. Lakini hebu fikiria umetoa mamilioni ya dola halafu unafungua mlango kwa uzi! Mchomoko wa kwetu wa Muheza nao una uzi mlangoni, na kwa uzi huo huo trafiki anakuandikia faini.

Halafu kuna Porsche Carrera GT. Hiyo injini yake ya silinda 10 asili yake ni mradi wa gari la Le Mans, yale mashindano ya saa 24 ya Ufaransa, ambalo mwisho wa yote halikuwahi hata kushindana. Yaani injini ilikosa mbio, hasira zake zikaletwa kwetu sisi wapaki magari. Kirungu cha gia ni cha mbao, kizuri, unaweza kukiweka sebuleni. Shida klachi. Ni ya kauri, ndogo kama kisahani, na ukiigusa vibaya gari linazima. Mimi lilinizimikia mara tatu mlangoni pa hoteli, na kosa nasema lilikuwa la mguu wangu wa kushoto, uliozoea Hiace. Nyuma yangu honi kumi na mbili. Mwenzangu Mfilipino akaja dirishani akaninong'oneza: usiguse mafuta kabisa, iachie klachi pole pole kama unavyomlaza mtoto aliyekwisha kusinzia. Nikaiachia hivyo. Likaondoka. Tangu siku hiyo nikiona klachi ya kauri naanza kuimba bembea.

Ile Mercedes-AMG One sijaigusa, na siombi. Wamechukua injini ya Formula 1, lita 1.6, wakaitia kwenye gari la barabarani, magari 275 tu dunia nzima. Sasa injini ya Formula 1 yenyewe kule kwenye mbio haiwashwi ikiwa baridi. Huzungushiwa kwanza maji na oili ya moto, kama mzazi ndani ya siku 40 anayekandwa na bibi yake. Na ikisimama tu, bila kwenda popote, inazunguka kama mara 5,000 kwa dakika. Wahandisi wamehangaika miaka kuishusha hadi 1,200, ili isimamapo kwenye taa isipige kelele kama mashine ya kukoboa. Wakafaulu, hongera zao. Lakini walikwisha kusema tangu mwanzo kwamba ikifika kilomita 50,000 injini ifunguliwe na kuundwa upya. Elfu hamsini! Probox ikishuka bandarini kwetu kutoka Japani inakuja na laki na ishirini, na bado tunasema "ni mpya, haijaguswa". Probox ina hadi kimeza cha kuvuta kwenye dashibodi, unaweka chai na andazi. Hayo magari mengine chai utaiweka mapajani, ukipita tuta umekwisha.

Kuna moja tu ninaloliheshimu, nalo nimelisikia kwa watu: McLaren F1 ya miaka ya tisini. Aliyelibuni, Gordon Murray, ni mzaliwa wa Durban, labda ndiyo maana alikumbuka kuwa watu husafiri na mizigo. Lina siti tatu. Dereva anakaa katikati, mbele kidogo, kama nahodha, na abiria wawili nyuma yake, huku na huku. Lina nafasi za mabegi ubavuni. Na huyu bwana alilichora kwa ajili ya barabara kwanza, mbio hazikuwemo kichwani mwake. Baadaye wateja wakamsumbua, likapelekwa Le Mans mwaka 1995, likayashinda yale yaliyozaliwa uwanjani. Mwaka 1998 likapimwa likafika kilomita 386 kwa saa. Ila nina swali kama fundi wa mageti: ukiwa katikati, tiketi ya maegesho unaivuta kwa mkono wa nani? Na ukimpakia mkeo kushoto na mama mkwe kulia, kila mmoja ana sikio lake.

Sasa nifike kwenye la wiki hii. Bwana mmoja ana Porsche 911 GT3 RS ya kijani. Mgongoni ina bawa lililopita hata paa, pale unaanika kanga mbili na zikakauka kabla ya adhuhuri. Ukifika kilomita 285 kwa saa, upepo unalikandamiza gari kwa kilo 860, yaani kama ng'ombe wawili wamekaa juu. Mimi chini ya jengo naruhusiwa kilomita 10, hata mbuzi hapandi. Bwana huyu na mkewe walikuwa wanahama kwenda hoteli nyingine kule Jumeirah. Mabegi manne, na boksi la tende. Nikafungua boneti, kwa mazoea tu, maana 911 buti lake liko mbele. Rejeta! Rejeta moja kubwa imelala imejaza nafasi yote. Nyuma ya siti nako mabomba ya chuma ya kukinga vichwa gari likipinduka. Nikasimama na begi mkononi kama aliyekosa basi Segera.

Msimamizi akanitupia funguo. "Chukua Hiace, wafuate."

Basi tukaondoka, gari na buti lake. Taa zikiwaka kijani ananiacha, nabaki na harufu ya mpira. Kwenye tuta namkuta. Amelikatiza kiupande, tairi moja moja, pua ameinyanyua kwa kitufe, nyuma yake foleni. Mimi nikaliruka tuta, mabegi yakaruka, tukatua salama. Matuta yalikuwa sita. Nilipofika hotelini nikashusha mizigo, nikanunua chai ya karak, nikainywa nikaimaliza, ndipo nikasikia muungurumo wake unakuja kona ya mbali.

Wakasimama. Bwana akashuka kwa ustadi, anafanya mazoezi yule. Mama akatoa mguu, akapumzika, akatoa wa pili, akashika kiuno. Akanitazama mimi, akaitazama Hiace, na milango yake ya kuteleza. "Kesho usiku tunakwenda uwanja wa ndege," akasema. "Hiyo gari yako ina nafasi?"

Ijumaa mpwa akapiga. "Shikamoo mjomba. Wiki hii umeendesha gani?"

"Marahaba. Hiace."

Kimya. Halafu akasema mtandao unakatakata, atanipigia kesho.