Sikumposa Mzee wa Watu

Wakuu, najua wengi wenu habari yangu mmeshaipata kwa mwenzetu wa humu, Mheshimiwa Mdomo. Kwa toleo lake, nimenunua simu ya laki nne, nimekosa hela ya kula, halafu Jumamosi usiku nikamposa mzee wa miaka sabini huko Korogwe. Nimekuja kurekebisha. Simu ni laki tatu na themanini. Na mzee sikumposa. Nilikuwa naposa bintiye, kupitia kwake, kama desturi inavyotaka. Shida ni kwamba niliposa nikiwa nimekaa na mke wangu wa ndoa, na mama mkwe wangu akiwa kochi la pili anakula ndizi.

Simu yangu ya zamani nilikuwa nayo tangu 2018. Kioo kimepasuka kama ramani ya mikoa, betri imevimba mpaka mfuniko wa nyuma naufunga kwa rababendi, na ukitaka herufi "a" unabonyeza "s" kwa pembeni halafu unaomba Mungu. Ijumaa nikajikaza, nikaenda Kariakoo, Mtaa wa Aggrey. Nimelipa, nimepewa risiti, kijana wa dukani akaniuliza: "Braza, nikuhamishie vitu vyako? Elfu tano tu." Nikamwangalia. Elfu tano ya nini? Mimi nimesoma. Nikaondoka na kiburi changu na boksi langu.

Hiyo elfu tano muishike, tutarudi nayo.

Jumamosi baada ya chakula cha usiku nikaziweka simu zote mbili mezani, kichwa kwa kichwa, kama wanandoa wanaopatanishwa kwa balozi. WhatsApp ilinipa moyo sana. Unaskani kile kimraba, unaziacha simu zikae karibu karibu, dakika ishirini kila kitu kimehama, hadi maua ya "asubuhi njema" ya shangazi tangu enzi za Nuhu. Nikamwambia mke wangu, "Unaona? Kijana alitaka elfu tano kwa hiki." Mama mkwe akatikisa kichwa kwa heshima. Ndiyo mara ya mwisho alinitikisia kichwa vile.

Zikaja meseji za kawaida. Simu ikazihesabu: 11,408. Nihamishe zote, au uchague? Nikasema zote! Mimi meseji sifuti. Humo kuna miamala, kuna namba za mafundi, kuna ushahidi wa watu walionikopa. Ikaandika "zimesalia dakika 4", na hizo dakika nne zikasalia saa nzima na nusu. Ilipomaliza ikadai isasishwe, GB 1.7, bando langu la wiki likaondoka kama mkate kwenye chai. Nikajiunga jingine. Hilo lilikuwa na data, dakika na SMS mia moja za bure. Nikajiuliza siku hizi nani anatumia SMS.

Simu ikajizima, ikajiwasha, ikanikaribisha kwa Kiswahili. Yule kijana wa dukani ndiye aliyeiweka hivyo. Nikaona safi, lugha ya taifa. Nikailaza mezani ijipange.

Kikaanza kisauti. Fyuu. Kimya kidogo. Fyuu. Nikapiga makofi hewani nikidhani mbu.

"Unamtumia nani meseji saa hizi?" Mke wangu huyo, hata macho hajayatoa kwenye TV.

"Simtumii mtu. Inajipanga."

Fyuu, fyuu, fyuu. Halafu ikaingia ya kwanza ya kujibu. Namba ya bosi wangu wa kazi ya zamani, kazi niliyoiacha 2021. Imeandikwa: "Pole sana. Kumbe bado upo kwenye foleni?"

Nikaisoma mara tatu. Foleni ya nini? Nikapandisha juu, nikaikuta meseji yangu mwenyewe, imetumwa dakika moja iliyopita: "Bosi shikamoo, leo sitafika kazini, nipo foleni ya NIDA tangu saa kumi na moja alfajiri."

Wale mliokuwa hapa nchini hamhitaji maelezo. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, mwisho ukawekwa 31 Desemba, Rais akatuongezea siku ishirini mpaka 20 Januari 2020, na sisi wengine tukazitumia zile siku ishirini kama tulivyotumia miezi nane iliyotangulia. Bila namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, husajili, usiposajili unazimiwa. Mimi nilizimiwa. Lakini simu yenyewe ilikuwa inawaka, na vidole nilikuwa navyo (hivyo vidole vilivyokosa mahali pa kusajiliwa), basi nikawa naandika tu meseji na kubonyeza "tuma", nikijipa matumaini kwamba laini ikirudi zitaenda zenyewe. Laini ilirudi mwezi wa tatu. Meseji hazikwenda. Zikakaa kwenye simu na kialama chekundu, nami nikazisahau kama mtu anavyosahau deni lake mwenyewe.

Simu mpya haikuwa na taarifa hizo. Fundi amekuja kunieleza baadaye: ile ya zamani ilishakata tamaa, hii imepokea mzigo, ikaona kuna kazi imeachwa nusu, ina mtandao, ina SMS mia za bure, ikaona isaidie.

Ishirini na tatu. Nilizihesabu zikiwa zinapanda kwenye kioo, moja baada ya nyingine, kila moja na neno "Inatuma…" kwa chini. Mama mwenye nyumba wa zamani. Shangazi. Mheshimiwa Mdomo. Fyuu. Fyuu.

Sasa mtasema, si ungezima mtandao. Nivute pazia la juu, nitafute kile kindege. Sikukiona kindege. Niliona maneno: "Hali ya ndegeni". Wakuu, mimi ni Mswahili wa kuzaliwa, nimefaulu Kiswahili kidato cha nne, lakini katika sekunde ile nikawaza ndegeni ni wapi na hali yake inanihusu nini. Nikabonyeza cha jirani yake. Ikawaka tochi. Ikammulika mama mkwe usoni, ndizi iko nusu ya njia.

"Mwanangu, kuna nini?"

"Hakuna kitu mama. Samahani mama."

Ingekuwa ile ya zamani ningevua rababendi, ning'oe betri, tumalize mchezo. Hizi mpya betri haitoki. Nikashikilia kitufe cha pembeni ili nizime. Haikuzima. Ikafungua yule msaidizi wao, na sauti nzuri ya kike ikaniuliza kwa Kiingereza inisaidie nini.

"Nani huyo mwanamke?" Mama mkwe.

Mke wangu sasa akapunguza sauti ya TV. Mnaujua ule utaratibu wa mwanamke kupunguza sauti ya TV? Hazimi. Anapunguza, kijiti kimoja kimoja, anakuangalia.

Nami ndipo nikaliona jina linalofuata kwenye foleni. Nilikuwa nimelihifadhi hivi: "Mzee Korogwe".

Damu ikaniganda. Ile meseji naikumbuka neno kwa neno, kwa sababu niliiandika usiku wa tarehe 20 Januari, nikaifuta, nikaiandika tena, kutwa nzima nimekaa na kamusi ya adabu kichwani. "Shikamoo mzee. Samahani kwa kukuandikia usiku. Nimeshazungumza na wazee wangu, wiki ijayo tutaleta barua ya posa. Binti yako namheshimu sana. Naomba mtupokee." Nilibonyeza "tuma", nikalala usingizi wa mume mtarajiwa. Mzee hakujibu. Binti naye laini yake ikawa haipatikani. Kwa akili yangu, kimya cha mkwe ni jibu, nikanywa uchungu wangu, nikaendelea na maisha, na 2022 nikaoa. Miaka yote hiyo nilijua nimekataliwa. Kumbe hata sikuwa nimeomba.

"Inatuma…"

Kulikuwa na kiduara kinazunguka pembeni ya meseji. Nikaweka dole gumba juu yake nikakandamiza, zikaja chaguo: Nakili, Sambaza, Futa, na kinyota. Kidole kinatetemeka kama cha mtu anayepiga kura kwa mara ya kwanza. Nilikusudia Futa. Mungu ni shahidi yangu, nilikusudia Futa. Nikagusa kinyota.

Yaani posa yangu kwa mwanamke mwingine nikaiwekea nyota, isije ikapotea.

Kiduara kikasimama. "Imetumwa." Nikavuta pumzi. Nikasema moyoni, mzee mwenyewe atakuwa amebadilisha namba, hata simu pengine anaiacha kabatini. Chini ya "Imetumwa" pakabadilika: "Imewasilishwa." Nikasema basi atakuwa amelala, wazee hulala mapema. Simu ikaita.

Mzee Korogwe anapiga.

Sikupokea. Mkono uliopokea ulikuwa na pete niliyoinunua mimi mwenyewe. Mke wangu akabonyeza kijani, akaweka sauti kubwa, akairudisha simu mezani taratibu, katikati yetu watatu.

"Marahaba! Marahaba mwanangu!" Sauti ya mzee ina furaha, jamani, furaha ya kweli. "Tulikusubiri mwaka ule mpaka tukachoka. Mama yako hapa alishapima mchele. Sasa yule mwenzio ameshaolewa, yuko Singida, ana watoto wawili." Akakohoa kidogo. "Lakini mdogo wake yupo. Amemaliza chuo mwaka jana."

Sebule ikatulia. Nilisikia friji. Mama mkwe alikuwa ameshika ganda la ndizi mkononi, hajui aliweke wapi.

Mzee: "Haloo? Mtandao unasumbua?"

Mke wangu akainama kwenye simu, kwa sauti ya adabu kabisa: "Shikamoo baba. Mimi ni mkewe."

"...Marahaba mama." Kimya kirefu. "Basi nyie pumzikeni, nitapiga siku nyingine."

Akakata. Mke wangu akachukua simu, akaisoma ile meseji toka juu mpaka chini. Akaangalia kinyota. Akaniangalia mimi. Halafu akauliza swali ambalo mpaka leo sijapata jibu lake, na kama kuna aliye na jibu aniandikie pembeni:

"Kwa hiyo siku ile ungekuwa na NIDA, mimi leo nisingekuwa hapa?"

Ndugu zangu, kulikuwa na njia nyingi za kujibu. Mimi nikasema: "Namba ilitoka mwezi wa tatu."

Mama mkwe akaanza kucheka. Alianza na mabega, yakashuka tumboni, mpaka ganda likamponyoka. Akaniambia yeye alikuwa akinilaumu kwa uzembe tangu harusi, kumbe uzembe wangu ndio uliomwozea binti. Mke wangu hakucheka. Alicheka Jumapili saa saba mchana, peke yake, jikoni, akakataa kusema anacheka nini.

Mengine nitayapitisha haraka maana nimechoka kujidhalilisha. Namba ya yule binti ilishagawiwa mtu mwingine, mashairi yangu ya Januari 2020 yamepokelewa na fundi bomba wa Chalinze, aliyenijibu, "Asante kaka ila mimi ni mwanaume, kama una kazi ya mabomba nipo." Namba yake nimeihifadhi, ana lugha nzuri. Shangazi alipata "Nimefika salama", akauliza nilikuwa nimeenda wapi na mbona sikuaga. Mama mwenye nyumba wa zamani alipata lile ombi langu la kuvumiliwa kodi hadi mwisho wa mwezi, akajibu kwamba hata aliyonivumilia sijamalizia, imebaki elfu arobaini na tano. Nimelipa. Jumatatu nilirudi Aggrey na simu mkononi, yule kijana akasikiliza hadithi yote bila kupepesa macho, akasema: "Sasa hapo ni elfu kumi, braza, maana umeshachokonoa." Nimelipa hiyo pia.

Kadi yangu ya NIDA haimo tena kwenye pochi. Naambiwa imehifadhiwa pamoja na cheti cha ndoa.

Tubaki na Mheshimiwa Mdomo. Yeye alipata ile iliyosema, "Kaka niazime elfu ishirini, Ijumaa nakurudishia, wallahi." Kabla hajapiga picha ya kioo, kabla hajaisambaza kwa wana na kuongezea ya mzee aliyoyapata sijui kwa nani (mama mkwe, nakuangalia wewe), huruma ilimshika akanitumia kweli. Elfu ishirini iliingia saa nne na dakika kumi usiku ule ule. Sasa tangu juzi anaidai hapa mbele za watu.

Nimeirudia ile meseji kwa makini. Imeandikwa Ijumaa. Mwaka haujatajwa.