Askofu ni cheo au ni kazi?

Jirani yangu hapa Kampala, Mwanglikana wa kuzaliwa, alikuja kwenye kipaimara cha mwanangu akatoka amekunja uso. "Mbona askofu wenu sijamwona?" Kwao watoto husubiri mpaka askofu afike awawekee mikono. Kwetu Walutheri, mchungaji aliyewafundisha ndiye aliyewawekea. Akaona tumepunjwa.

Kwa maandishi, hatukupunjwa. Ungamo la Augsburg la 1530, tamko la imani yetu Walutheri, linampa askofu kazi zilezile za mchungaji: kuhubiri, kuondolea dhambi, kupima mafundisho, na yote kwa Neno, bila mabavu. Mwaka 1537 Melanchthon, mwenzake Luther, akaandika waziwazi kwamba tofauti ya wawili hao imewekwa na wanadamu. Luther, ambaye hakuwa askofu, alimweka wakfu Nikolaus von Amsdorf kuwa askofu wa Naumburg mwaka 1542.

Kwa vitendo, kila mmoja alishika njia yake. Sweden ilibaki na mfululizo wa maaskofu wake. Sinodi ya Missouri, kanisa la Kilutheri kule Marekani, inaongozwa na rais. Hapo tu ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, upande wa Tanzania, Josiah Kibira alimrithi Msweden Bengt Sundkler uaskofu wa Bukoba mwaka 1964, na mwaka 1977 akawa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani. Nenda Kagera ukaseme uaskofu ni mpango wa wanadamu tu, uone utakavyotazamwa.

Nasi Uganda tunamhitaji askofu. Tu wachache kati ya Wakatoliki na Waanglikana, na kwenye mazishi ya mtu mkubwa mshereheshaji huita maaskofu kwanza. Tena mjini hapa mwenye kipaza sauti chake anaweza kujiita askofu kesho asubuhi. Mchungaji aliyebarikiwa na askofu anayejulikana ana pa kuulizwa habari zake.

Ninapogoma ni pale uhamisho, fedha na hati za viwanja vinapokaa mkononi mwa mtu mmoja. Mchungaji anayeweza kuhamishwa wiki ijayo atampingaje askofu mkutanoni? Hata lugha yetu inayumba: tunasema askofu "amewekwa wakfu", papo hapo "ameingizwa kazini". Mimi hilo la pili lanitosha, na katiba itaje miaka ya kazi yenyewe.

Jirani alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza: "Na mchungaji wenu akikosea, mnamshtaki kwa nani?"

Nikajikuta nasema, kwa askofu.